Giza zuri la kutazama nyota karibu na mji wa Kondoa: umbali peke yake hautoshi, tuangalie na upande

Mleta uzi

Ndugu zangu, salaam.

Kwa misimu kadhaa ya kiangazi nimekuwa nikitoka usiku nje ya mji wa Kondoa nikiwa na darubini ndogo ya macho mawili, blanketi na chupa ya chai, nikitafuta mahali ambapo mtu anaweza kukaa saa tatu au nne akitazama anga bila kusumbuliwa na taa. Nimeona niandike niliyojifunza, kwa sababu wanafunzi wangu, na hata wageni wanaolala hapa wakielekea Arusha, hunijia wakiwa wameshapewa jibu lilelile: nenda mbali na mji. Jibu hilo si kosa, lakini kwa mji mdogo kama wetu halitoshi, na mara nyingine humpeleka mtu mahali ambapo atakosa kile hasa alichotoka kukitafuta. Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu upande unaouelekea una uzito kuliko kilomita unazokwenda, na upande ninaoupendekeza ni kusini, kwenye njia ya Chemba, wala si kaskazini kwenye vilima ambako karibu kila mtu hukimbilia.

Nianze na anga lenyewe. Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, yaani ile sehemu ambayo nyota zote za kusini huizunguka, iko nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho. Nyota ya kaskazini hatuioni kabisa, kwa kuwa iko chini ya upeo. Maana yake ni kwamba vitu ambavyo watu wa Ulaya huvitamani maisha yao yote bila kuviona, sisi tunavyo, ila tunavyo vikiwa chini chini upande wa kusini. Msalaba wa Kusini ukifika kileleni hausimami juu ya vichwa vyetu, bali hufika nyuzi 35 hivi. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani yetu, hufika nyuzi 26, na Wingu Dogo nyuzi 22. Katika kimo hicho mwanga wa nyota hupita katika hewa iliyo nene zaidi ya mara mbili kuliko ile ya juu ya kichwa, kwa hiyo vumbi kidogo, moshi kidogo au mng'ao kidogo wa taa hufuta kile ambacho kingeonekana vizuri kama kingekuwa juu.

Sasa mtu anayetoka Kondoa akaenda kaskazini kilomita 10 au 15 na kuketi huko, mji anauacha upande gani? Anauacha kusini. Mng'ao wote wa taa za mji unakaa chini ya Msalaba wa Kusini na chini ya yale Mawingu mawili, pale pale ambapo hewa ni nene na ambapo hatuna kimo cha kupoteza. Akienda kusini umbali uleule, mng'ao unabaki nyuma yake, upande wa kaskazini. Huko nako kuna vya kutazama, sikatai. Dubu Mkubwa huonekana vizuri jioni za Aprili na Mei, na galaksi ya Andromeda hufika nyuzi 44 usiku wa manane katikati ya Oktoba. Lakini Andromeda ikiwa katika kimo hicho inaweza kuvumilia mng'ao wa mji mdogo, wakati Wingu Dogo haliwezi. Mimi nimeyaona yote mawili kwa nyakati tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nibadili mahali pangu.

Kuhusu umbali, kuna kanuni ya zamani ambayo bado inafaa kwa makadirio. Mwaka 1977 mtaalamu wa falaki wa Marekani, Merle Walker, baada ya kupima anga karibu na miji ya California, alionyesha kwamba mng'ao wa mji hupungua haraka sana unapouacha. Ukiongeza umbali mara mbili, mng'ao haupungui mara mbili, bali zaidi ya mara tano. Kwa kanuni yake, mji wa watu 30,000 ukiwa kilomita 10 kutoka kwako huufikisha mwanga wa anga karibu mara mbili ya ule wa asili, ukiutazama upande wa mji katikati ya upeo na utosi. Ukienda kilomita 20, nyongeza hiyo hushuka hadi asilimia 17 hivi, na kwenye kilomita 25 iko chini ya asilimia 10. Walker alipima miji ya Marekani, ambayo kwa kila mkazi ilikuwa na taa nyingi kuliko mji wetu, kwa hiyo hali yetu ni nafuu kuliko hesabu hiyo. Ninachokichukua kwake ni kwamba kilomita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, na baada ya kilomita 20 mtu anachoma mafuta ya pikipiki bila kupata giza jipya la maana.

Mahali ninapopapenda sasa ni katikati ya Kondoa na Chemba, nje ya barabara kuu, kwenye mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa, ambako ardhi ni tambarare na kusini hakuna kilima kinachoziba. Sitataja shamba la mtu hapa. Anayetaka kufika, atembelee mchana kwanza, azungumze na mwenye shamba na mwenyekiti wa kitongoji, kisha arudi usiku. Naomba wenye uzoefu wa sehemu nyingine za wilaya waeleze, na wasiokubaliana nami nao waseme, maana jambo hili naliona lina faida kwa wengi.

Mchangiaji kutoka Babati

Mwalimu, nakushukuru kwa maelezo haya, lakini ninaona umeidhulumu Kolo, kule kaskazini kwenye barabara ya Babati. Mimi hupita barabara hiyo mara kwa mara kikazi, na nimewahi kulala Kolo usiku usio na mwezi. Pale mji wa Kondoa uko zaidi ya kilomita 20, na vilima vya Irangi vinakinga taa zake. Kinachoonekana upande wa mashariki, ambako ukingo wa vilima unaporomoka kuelekea nyika ya Wamasai, ni giza ambalo sijawahi kuliona mahali pengine popote. Nyota huchomoza moja kwa moja kutoka ardhini. Je, hilo si bora kuliko mashamba ya tambarare ambako upepo unakupiga usiku kucha na kila lori linalopita barabarani linakumulika usoni?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Babati, umesema jambo la kweli, na ninalirekebisha la kwangu kwa sehemu. Nilipoandika kwamba tusikimbilie kaskazini nilikuwa nikiwafikiria wale wanaosimama kilomita chache tu nje ya mji wakadhani wamefika. Kolo ni habari nyingine. Kilima kilicho kati yako na taa ni rafiki mkubwa, kwa sababu hukata mwanga unaokujia moja kwa moja, na huo ndio unaoharibu macho kuliko mng'ao wa angani. Upande wa mashariki wa Kolo unaangalia nyika ambayo haina mji mkubwa kwa umbali mrefu, na kwa hiyo kwa mtu anayetaka kuona mwanga wa zodiaki kabla ya alfajiri, sijui mahali pazuri zaidi karibu nasi.

Niueleze kidogo mwanga huo, maana wengi huuona wakadhani ni mapambazuko. Ni vumbi lililotawanyika katika njia ambayo sayari hupita kulizunguka jua, na vumbi hilo hurudisha mwanga wa jua kwetu. Huonekana kama pembe ndefu ya mwanga hafifu inayosimama kutoka kwenye upeo, jioni upande wa magharibi giza likishatulia, na upande wa mashariki kabla ya weupe wa alfajiri kuanza. Nchi za mbali na ikweta huupata kwa majira tu, kwa kuwa njia ya sayari huko hulala karibu na ardhi kwa miezi mingi. Kwetu njia hiyo husimama wima au karibu na wima mwaka mzima, kwa hiyo kila usiku wa anga safi usio na mwezi tuna nafasi ya kuuona, ikiwa tu upeo wetu una giza la kweli. Waislamu wenzangu watakumbuka kwamba mafunzo ya dini yanatofautisha alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli. Ile ya kwanza, inayosimama kama mkia kisha ikafifia, ndiyo hiyo ambayo wataalamu wa falaki wengi wanailinganisha na mwanga wa zodiaki. Nilipouona mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nilijua kwamba wazee waliokuwa wakiamka usiku bila taa za umeme walikuwa wakiuona tangu utoto.

Kwa Kolo kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha. La kwanza ni kwamba Kolo ndipo penye michoro ya miambani, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na baadhi ya mapango hayo, hasa Mongomi, wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Hairuhusiwi kwenda huko bila kupitia ofisi ya malikale iliyopo Kolo na bila mwongozaji. Hata ukipata ruhusa, usipande kwenye miamba yenyewe wala usiwashe moto karibu nayo. Maeneo hayo yamewahi kuharibiwa na watu wanaochimba usiku wakitafuta mali wanayoamini kwamba Wajerumani waliizika, kwa hiyo mwanakijiji akiona tochi kwenye miamba saa tano usiku ana haki kamili ya kuwaita wenzake. Chagua uwanja ulio karibu na kijiji, ukiwa na mwenyeji anayejulikana.

La pili ni makorongo. Wasioijua Kondoa huenda hawajui kwamba vilima hivi vilimomonyoka vibaya mno, hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Uoto umerudi kwa kiasi kikubwa, lakini makorongo hayajazibika, na mengine yana kingo zilizosimama wima kuliko kimo cha mtu. Mtu anayetembea usiku huku ameinua uso akitafuta nyota anaweza kutumbukia. Nimeshuhudia mwenzangu akisimama hatua mbili kutoka kwenye ukingo ambao mchana tuliupita tukiuona na usiku tukausahau. Tangu siku hiyo huwa naweka alama ya kamba nyeupe mchana, na hatutoki nje ya alama hiyo.

Kuhusu malori, uko sahihi. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018 magari ya usiku yameongezeka sana. Nikiwa kusini huingia ndani ya mashamba angalau kilomita mbili kutoka barabarani, na nachagua mahali penye kichaka cha minyara au kichuguu kikubwa upande wa barabara ili kinikinge.

Mchangiaji kutoka Kondoa mjini

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, na yule mkubwa yuko kidato cha pili, amesikia habari za galaksi shuleni na sasa hanipi raha. Sina gari, na siwezi kuwapeleka watoto porini usiku wakati tunasikia habari za fisi na za tembo. Je, kwa mtu kama mimi hakuna namna ya kuona chochote bila kwenda huko kote?

Mleta uzi

Marahaba, mama. Swali lako ni zuri kuliko yote yaliyotangulia, na nasikitika kwamba sikulianza mimi.

Namna ipo. Kwanza, usiende porini. Tembo hutoka kwenye mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga wakaingia mashambani, hasa mazao yakiwa yanaiva, na fisi wapo karibu kila mahali, kwa hiyo hata sisi watu wazima hatuendi peke yetu wala hatuendi bila kuwauliza wanakijiji kama kuna wanyama walioonekana wiki hiyo. Kwa watoto, kinachohitajika ni uwanja wa nyumba ya ndugu iliyo pembezoni mwa mji, ikiwezekana upande wa kusini, ambako unaweza kukaa nyuma ya ukuta usiione taa yoyote kwa macho yako. Mng'ao wa angani wa mji wetu si mkubwa. Kinachomharibia mtu wa mjini ni balbu ya jirani inayomwangaza usoni. Ukiikinga hiyo kwa ukuta, kwa mti au hata kwa khanga iliyotundikwa kwenye kamba, umeshapata nusu ya giza la porini.

Kisha wape macho muda. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu wa sekunde chache hurudisha kazi yote nyuma. Zimeni simu kabisa. Kama mnahitaji tochi, ifungeni kwa karatasi nyekundu ya plastiki mara mbili au tatu mpaka ibaki mwanga hafifu, kwa sababu wekundu hausumbui sana zile chembe za jicho zinazoona gizani. Anzeni saa mbili usiku. Kwetu jua likizama giza huja upesi, na mwezi Julai kufikia saa mbili kasoro dakika kumi weupe wa jioni umekwisha kabisa.

Mtoto wa kidato cha pili mwonyeshe haya katikati ya Agosti. Saa tatu kasoro robo usiku kitovu cha galaksi yetu kinakuwa kileleni, nyuzi 66 kutoka ardhini, kati ya mkia wa Nge na kundinyota la Mshale. Njia Nyeupe hapo ni pana na imegawanyika katikati kwa mstari mweusi. Mweleze kwamba weusi huo haumaanishi kwamba nyota hazipo. Ni mawingu ya vumbi yaliyo mbele ya nyota. Mwenye darubini ya macho mawili, hata ile ya kawaida ya 7×50, aipitishe polepole kutoka mkia wa Nge kwenda juu, na asiharakishe, maana kila anapopita kuna fundo la nyota au wingu la gesi, na mtoto akianza kuyahesabu mwenyewe hutamwondoa hapo mpaka usingizi umshinde.

Umeme ukikatika usiku usio na mwezi, mama, toeni mkeka nje mara moja.

Mchangiaji kutoka Pangani

Naomba kuchangia kutoka pwani. Mwalimu amesema usiku usio na mwezi mara nyingi, lakini hajaeleza namna ya kuuchagua, na watu wengi hufungua simu kutafuta wakati kalenda ya Kiislamu imetundikwa ukutani. Sisi wavuvi tunaishi kwa hesabu hiyo. Mwezi ukiwa na siku 14 au 15 hutoka jua linapozama na kukesha. Baada ya hapo, kila siku huchelewa kutoka kwa dakika 50 hivi. Ukifika siku ya 22 hutoka karibu na saa sita usiku, kwa hiyo kuanzia hapo mpaka mwezi mwandamo, na siku mbili tatu baada yake, jioni yote ni giza. Hizo ndizo siku ambazo wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, kwa sababu kwenye mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Anayetaka nyota na anayetaka dagaa wanatafuta usiku uleule.

Nyongeza yangu nyingine ni kuhusu kilimia, lile fundo dogo la nyota ambalo wakulima hulitumia kujua majira. Wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Je, huko bara hesabu hiyo inakwenda sawa na majira yenu?

Mleta uzi

Asante sana, mzee wangu. Huku kilimia huzama pamoja na jua kuelekea Mei, mvua zetu zikiwa zinaishia, na huonekana tena alfajiri ya Juni ikiwa kiangazi kimeshika. Kwa hiyo kwetu nusu ya kwanza ya msemo huo inakwenda sawasawa, na ndiyo inayonipa ratiba. Kilimia kikizuka alfajiri najua kwamba miezi mitano ya anga safi imefungua mlango.

Hata hivyo kiangazi chote si kimoja. Juni na Julai anga ni safi na baridi ni kali kuliko watu wa pwani wanavyoweza kudhani, hivyo koti ni la lazima. Juni, saa mbili na nusu usiku, ndipo fundo la nyota la Omega Centauri linapokuwa juu kabisa, nyuzi 48, na kwa macho matupu huonekana kama nyota iliyoingiwa na ukungu. Mwisho wa Julai kuna vimondo vya Delta Aquarii, ambavyo kusini huonekana vizuri kuliko kaskazini. Kuanzia Agosti watu huanza kuchoma mashamba na mapori, na kufikia Septemba moshi na vumbi hukaa kama utando kwenye upeo. Usiku mmoja wa Oktoba baada ya manyunyu ya kwanza kusafisha hewa unaweza kuwa na thamani ya wiki nzima ya Septemba, na katikati ya mwezi huo, karibu na saa sita usiku, Wingu Dogo liko kileleni na Wingu Kubwa linapanda upande wake wa kushoto. Usiku wa namna hiyo ndio ninaousubiri mwaka mzima.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Mwalimu, mimi nafanya kazi ya ramani, na ningependa kuonya kuhusu zile ramani za uchafuzi wa mwanga zilizopo kwenye intaneti. Nyingi zinatumia picha za kipimo kiitwacho VIIRS kilichomo kwenye setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011. Ni kazi nzuri, lakini kipimo hicho hupita juu yetu saa saba na nusu hivi usiku, watu wengi wakiwa wamezima taa, na hakioni vizuri mwanga wa samawati. Taa nyeupe za LED zina samawati nyingi, na samawati ndiyo inayotawanywa na hewa kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo mji unaobadilisha taa za zamani za rangi ya machungwa kwa LED nyeupe unaweza kuonekana kwenye ramani kama umepunguza mwanga, wakati mtu aliye chini anaona anga limezidi kuwa jeupe. Ukiangalia ramani, wilaya yenu karibu yote ni nyeusi. Hiyo haikuambii kama kuna taa ya ulinzi kwenye ghala moja kijijini. Ni vipi basi mnapima giza huko mliko?

Mleta uzi

Nashukuru kwa maelezo hayo, na yananieleza kitu nilichokiona bila kukielewa. Mtaa mmoja wenye taa mpya nyeupe za sola unang'arisha anga kuliko nilivyotarajia kutokana na idadi yake.

Kuna kifaa kidogo kinachoitwa Sky Quality Meter, kinachotengenezwa Canada, ambacho hutoa namba, na mahali penye giza la asili kabisa hukaribia 22. Mimi sina, natumia macho. Mwaka 2001 John Bortle alitunga ngazi tisa za giza ambazo hazihitaji kifaa, na vipimo vyangu vinafuata njia hiyo.

Kipimo changu cha kwanza ni mawingu. Mjini wingu likipita usiku ni jeupe, kwa sababu taa zinalimulika kutoka chini. Mahali penye giza la kweli wingu ni jeusi, unalitambua tu kwa kuwa nyota zimepotea pale lilipo. Nilipokwenda kusini mara ya kwanza niliona shimo jeusi likitembea katikati ya Njia Nyeupe nikashtuka, kabla sijaelewa kwamba ni kipande cha wingu. Kipimo cha pili ni lile doa jeusi lililo ubavuni mwa Msalaba wa Kusini, linaloitwa Koalisaki. Kama unaliona kwa macho matupu lina mipaka, mahali hapo panafaa. Kipimo cha tatu ni Wingu Dogo. Kaskazini mwa mji, kilomita 12 hivi, nililiona kwa kulitafuta pembeni mwa jicho. Kusini, umbali uleule, mwenzangu ambaye hajawahi kutazama nyota aliniuliza mwenyewe kile kiraka ni nini.

Kuna jambo ambalo hizo taa nyeupe zimenipa moyo wa kulisema. Taa ya barabarani ikifunikwa juu na ubavuni ili iangaze chini tu, na ikiwa ya rangi ya joto, yaani isiyozidi kelvini 3000, barabara inapata mwanga uleule na anga linabaki. Namibia wana hifadhi ya NamibRand, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga lenye giza, ya kwanza barani Afrika, na watu husafiri kwenda kulala pale kwa ajili ya nyota peke yake. Sisi wageni wanapita hapa wakienda kuona wanyama, wanalala usiku mmoja na kuondoka asubuhi bila mtu kuwaambia watoke nje watazame juu. Wakati wa kuliongea jambo hili kwenye vikao vya mitaa ni sasa, nguzo zikiwa bado chache.

Mchangiaji kutoka Haubi

Mwalimu, na sisi huku Haubi? Bonde letu limezungukwa na vilima pande zote, na taa hakuna.

Mleta uzi

Haubi ni pazuri kwa kila kitu kilicho juu ya kichwa, na kwa watoto ningepachagua kabla ya mashamba ya kusini, kwa sababu vilima vinakinga upepo na nyumba ziko karibu. Nina wasiwasi na mambo mawili, unyevu wa ziwa unaoweza kuganda kwenye vioo vya darubini usiku wa manane, na hivyo vilima vyenyewe upande wa kusini. Naomba unifanyie kazi moja. Simama pale unapotaka kukaa, unyooshe mkono mbele, ukunje ngumi, na uhesabu ni ngumi ngapi kutoka usawa wa macho mpaka kilele cha kilima cha kusini. Ngumi moja ni nyuzi 10 hivi. Ikiwa ni moja, Mawingu yote mawili utayapata. Ikiwa ni mbili, Wingu Dogo litachungulia kidogo tu likiwa kileleni. Ikiwa ni mbili na nusu, itabidi upande juu.

Mchangiaji kutoka Haubi

Nimetoka kupima sasa hivi. Ni ngumi moja na vidole viwili, na upande wa kusini magharibi kilima kinashuka, ni ngumi moja kamili.

Mleta uzi

Basi inatosha. Nitakuja siku ya 26 ya mwezi huu wa Kiislamu, nifike saa kumi jioni ili tupite kwa mwenyekiti wa kitongoji na kuangalia makorongo kukiwa bado na mwanga. Mama wa Kondoa mjini, ukipata nafasi pamoja na huyo kijana wa kidato cha pili, mabasi madogo ya Haubi huondoka sokoni mchana, na kwa nduguye mchangiaji huyu naamini hamtakosa pa kulala. Blanketi njooni nalo. Darubini ninayo mimi.